Urefu wa Muli

Kitanda cha mama yake Mutanu kilikuwa pale nduthi, zile pikipiki za abiria, zinapopita sasa, upande wa kushoto wa barabara mpya. Meza ya sebuleni ilikuwa juu ya mtaro wa saruji ulio kando yake. Na jiko, jiko lile la makaa lililokuwa limepinda mguu mmoja, lilikuwa hapo hapo Becky alipoweka karai lake la omena, dagaa wa ziwani. Ukipita Kisumu Ndogo, Kibera, leo hutaona hata kimoja cha hivyo vitu. Utaona lami, nguzo ya taa na watu wakienda zao. Lakini Mutanu alikuwa ameketi ukingoni mwa ile barabara, Ijumaa saa kumi jioni, viatu amevivua na kuvipanga kando, miguu ameikunja ubavuni kama mtu aliyekaa mkekani kwao.

"We Mutanu," Becky alimwita kutoka mezani pake. "Hiyo miguu itakanyagwa, nakuambia."

"Niko nyumbani, Becky."

"Nyumbani kwa nani? Si ulihama na mamako miaka saba imepita?"

"Hapo ulipoketi wewe ndipo jiko letu lilikuwa."

Becky akatazama chini ya meza yake kana kwamba angeliona. Alikuwa jirani yao wa zamani, mlango wa tatu, na alilifahamu hilo jiko vizuri kwa sababu alikuwa akiliazima.

"Ndiyo maana omena zangu hapa hukauka mbio," akasema, kisha akaacha mzaha. Alikuwa ameona macho ya mwenzake. "Nani amekuudhi, mama? Ni yule fundi wako?"

Mutanu aliinamisha uso. Alikuwa akitazama simu yake. Asubuhi ile alikuwa ametuma ujumbe mmoja tu, maneno manne: *Waambie kesho wasije kwetu.* Na tangu hapo fundi alikuwa amepiga mara kumi na tisa.

Sasa nikueleze kuhusu mlango mmoja, kwa sababu usipoujua mlango hutamwelewa Mutanu, utamwona tu ni mwanamke wa hasira za bure.

Barabara ilipokuja, kila mtu pale Kisumu Ndogo alibeba kilichobebeka. Huyu akang'oa mabati, yule akang'oa dirisha. Mama yake Mutanu, Kalondu, mwanamke wa Kitui mwenye mwili mdogo na sauti kubwa, aliacha mabati, akaacha hata kitanda, akang'oa mlango. Mlango wa mbao za saiprasi, umepauka, una tundu la panya chini. Akaupandisha kwenye mkokoteni, akatembea nyuma yake mpaka Kawangware, mkono mmoja ukiwa umeushika kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Huko Kawangware walipata chumba kwenye ploti ya mawe, ya vyumba vya kupanga, na chumba hicho kilikuwa tayari na mlango wake wa chuma. Basi ule wa mbao ukaegemezwa nyuma ya kabati. Ukakaa hapo miaka saba umeangalia ukuta, hakuna aliyeufungua wala kuufunga.

Mlango ulikuwa na alama. Kila mwaka, asubuhi ya kupanda basi kwenda Kitui kwa Krismasi, Kalondu aliwasimamisha watoto wake wawili, visigino kwenye mbao, akawawekea Biblia kichwani, akakata mstari kwa kisu cha jikoni. Mutanu upande wa komeo. Muli, mdogo wake, upande wa bawaba.

"Nyanya yenu akiniuliza mnakula nini huko Nairobi," Kalondu alikuwa akisema, "nitamwambia aje asome mlango."

Muli alikuwa mwizi wa urefu. Alisimama kwa ncha za vidole, na mama yake akampiga vidole hivyo kwa mwiko mpaka visigino vikashuka. Mistari yake ilikuwa sita. Wa saba haukukatwa. Mvua za masika zilimletea homa ya kifua, na siku nne baadaye hakuwepo tena. Alikuwa na miaka minane, Mutanu kumi na mmoja. Picha yake ilikuwa moja tu, ya darasa, na humo alisimama nyuma ya mvulana mkubwa kumliko. Lilionekana sikio.

Basi kilichobaki cha Muli katika dunia hii kilikuwa sikio moja na mistari sita.

Halafu akaja Boaz Nyongesa.

Boaz alikuwa seremala, ana kibanda chake pale Kawangware mbele kidogo ya kibanda cha Mutanu cha kushona nguo. Alikuja siku ya kwanza na suruali, akaomba ipunguzwe. Mutanu akaipunguza. Wiki iliyofuata akaja na suruali ile ile. Mutanu akaipunguza tena. Alipokuja mara ya tatu Mutanu aliiinua juu, akaitazama, akasema, "Fundi, nikikata tena utakuwa unaenda nayo shule ya msingi." Boaz akacheka mpaka akakalia ndoo. Mapenzi yao yakaanzia hapo, kwenye suruali iliyokuwa imekuwa kaptula.

Kalondu hakumtaka. Si kwa ubaya wa kijana. Hata yeye alikiri kwamba alikuwa na adabu na mikono ya kazi. Alichokataa ni Bungoma.

"Huyo atakupeleka kwao," alimwambia binti yake miezi minane mfululizo, vidole vyake vikisuka kiondo bila kutazama. "Utaishi huko. Siku moja utazikwa huko, chini ya miwa ya watu. Nani atakuja kukupalilia? Mimi nina mtoto mmoja ardhini Kitui, na mwingine juu ya ardhi hapa. Nataka nijue wote wako wapi."

Mutanu alibembeleza, akanyamaza, akabembeleza tena. Mwishowe, wiki mbili zilizopita, Kalondu alisema, "Walete basi niwaone." Siku ikapangwa. Jumamosi, shangazi yake Boaz, Mama Kageha, angekuja na wazee wawili kuketi na Kalondu kwa mara ya kwanza.

Na Boaz kwa furaha akafanya kosa ambalo seremala peke yake angeweza kulifanya.

Jumanne Mutanu alikuwa Gikomba kununua vitambaa, na Kalondu yuko maombini. Boaz alipita kupanga viti vya Jumamosi, akauona mlango nyuma ya kabati. Alikuwa amewahi kusikia ulivyobebwa kutoka Kibera. Akafikiri: watu wamebeba mlango safari yote hiyo, kisha umekaa unaliwa na mchwa! Akaubeba mpaka kibandani. Akaupiga randa pande zote mbili. Akaupiga msasa, akaziba tundu la panya, akaupaka vanishi mara tatu. Jumatano jioni alimleta Mutanu kibandani amemfunika macho kwa viganja vinavyonuka vanishi.

"Fungua macho."

Mlango ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani.

"Nitauweka kwenye nyumba yetu," Boaz akasema, amejaa furaha mpaka sauti inatetemeka. "Ulikuwa na makovu, Mutanu, weh! Mtu aliukatakata na kisu. Nimeyatoa yote. Guza."

Mutanu alipitisha mkono upande wa bawaba, kutoka chini, polepole, kwenda juu. Ulikuwa laini kama kioo. Alipofika juu aliteremsha mkono, akageuka, akaenda nyumbani. Hakumwambia Boaz neno Jumatano, wala Alhamisi; mama yake peke yake ndiye aliyeambiwa. Ijumaa akatuma ule ujumbe, akafunga kibanda, akaja hapa.

"Si huyo anakuja?" Becky akauliza.

Boaz alikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa kutokea mtaa wa Ayany, amesimama kama mtu aliyeteremshwa katika nchi ya kigeni. Viatu vyake vilikuwa na vumbi mpaka kwenye nyuzi. Hakuwahi kuletwa Kisumu Ndogo. Mutanu alikuwa akimwambia *siku moja, siku moja*. Sasa alimwona, akangoja pikipiki mbili zipite, akavuka moja kwa moja.

"Huyo ndiye?" Becky akanong'ona. "Mrefu hivyo, na akili akaiacha wapi?"

"Mutanu," Boaz akaita kabla hajafika. "Nimekutafuta tangu asubuhi. Nimeuliza watu wote kutoka..."

"Umekanyaga kitanda cha mama."

Boaz akasimama. Akatazama miguu yake, akaona lami. Akaruka mtaro haraka.

"Na hiyo ni meza."

"Mutanu, jameni."

"Toka. Rudi uingilie mlangoni kama watu."

"Mlango uko wapi?"

Mutanu akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano akamtazama machoni.

"Wewe ndiye uliyeupiga randa," akasema. "Si uniambie wewe."

Lile neno lilimwingia. Mutanu aliliona likimwingia, na moyo wake ukafurahi na kuumia mara moja, kwa sababu bado alimpenda. Hilo ndilo lililokuwa likimchosha. Kama angekuwa amemchukia, angekuwa kwenye cherehani yake saa hii.

Boaz hakubisha. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamtazama Becky kwa macho ya kuomba msaada. Becky alijifanya anafukuza nzi, lakini kidole chake kidogo kikaelekeza kwenye nguzo ya taa, palipokuwa na mlango. Boaz akazunguka nyuma ya meza ya omena, akaja akasimama kando ya nguzo, mikono mbele. Akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua, akaviweka pamoja. Watu wawili waliokuwa wakipita wakageuza shingo kumtazama.

"Hodi," akasema.

Mutanu akapanga viatu vyake upya.

"Hodi hapa."

Lori la mchanga likapita juu ya kitanda cha Kalondu, na vumbi likawafunika wote. Lilipotua Boaz alikuwa bado amesimama.

"Hodi, Mutanu."

Mara ya tatu usipojibiwa, unaenda zako. Kila mtu anajua hivyo. Lakini Boaz hakwenda. Aliketi chini palepale, soksi moja imetoboka kidoleni, mgongo kwenye nguzo. Hakuvuka pale alipodhani kizingiti kilikuwepo.

"Basi nitaongea nikiwa nje," akasema. "Ningejua, mkono wangu ungekauka kwanza."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Mtu anaingia kwa watu, hakuna mwenyewe, anabeba kitu. Hata hakuulizi."

"Nilitaka ucheke, Mutanu. Nilikuwa nakuona kabisa unacheka." Alijikuna shingo. "Mimi kazi yangu ni kufuta. Mtu akiniletea kiti, anaonea aibu mikwaruzo ya kiti. Natoa mikwaruzo, anafurahi. Sijawahi kuona mtu anayependa mikwaruzo yake. Ndiyo ujinga wangu."

"Haikuwa mikwaruzo."

"Najua. Sasa najua. Ilikuwa mtoto."

Mutanu akageuza uso upande wa Nyayo Highrise, maghorofa yale yaliyosimama nyuma ya mabati. Yeye na Muli walikuwa wakiyatazama kutoka mlangoni hapo wakati wa kutegeana vitendawili. Muli akishindwa na kuambiwa atoe mji, hakutoa Mombasa wala Nakuru kama watoto wengine. Alitoa Highrise. Siku nyingine alitoa Ayany. Ilikuwa miji yake, aliigawa kwa ukarimu, na hakuwahi kuingia hata mmoja.

"Nionyeshe alifika wapi," Boaz akasema taratibu. "Nitaukata tena. Kwa kisu, si kwa msumeno. Nitatoa vanishi yote. Nionyeshe tu kwa mkono."

Mutanu alisimama. Hakuwa ameamua kusimama, lakini alisimama. Alikwenda mpaka mahali bawaba zilipokuwa, hatua mbili kutoka alipoketi Boaz, akainua kiganja hewani kama anayekiweka juu ya kichwa cha mtoto. Akakiweka usawa wa bega. Akasita. Akakishusha kidogo. Akakipandisha tena.

"Alikuwa ananifika begani," akasema.

"Sawa. Basi hapo."

"Hapana." Kiganja kilikuwa bado hewani. "Lile bega lilikuwa la mtoto wa darasa la tano. Si hili. Mimi nimekua, Boaz! Kila kitu nilichokuwa nikimpimia nacho kimekua. Nguo zangu, miguu yangu, mikono. Ni mlango peke yake haukukua. Ulikuwa umemngoja palepale." Akashusha mkono. "Sasa simwoni. Nimekuja hapa nikadhani nikisimama hapa nitamwona. Naona jiko, naona kitanda, naona hata kamba ya nguo. Yeye simwoni kimo."

Akalia, bila kelele, kiganja kimefunika mdomo. Becky akageuka upande mwingine, akaanza kupima omena ambazo hakuna aliyeziagiza.

Boaz alitamani kuinuka. Mutanu aliona magoti yake yakitaka kuinuka. Lakini alikuwa amepiga hodi na hajajibiwa, na hilo akaliheshimu. Badala yake aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo kilichoviringwa kama kiota cha ndege.

"Nimefika kwa mama yako," akasema.

Mutanu akaacha kulia kwa mshangao. "Kwa mama? Peke yako?"

"Peke yangu. Saa mbili asubuhi, baada ya ujumbe wako."

"Na ukatoka mzima?"

"Karibu nisitoke." Kitu kidogo kama tabasamu kikampita usoni. "Alikuwa anasuka. Akaniambia, 'Fundi, leo umekuja na randa, ama umekuja mikono mitupu?' Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema, 'Wewe umemzika mtoto wangu mara ya pili, na hukuita hata mchungaji.' Nilipiga magoti, Mutanu. Nilikaa hapo magotini mpaka akamaliza safu mbili nzima za kiondo."

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza kama unalala. Nikasema sijui, huniongeleshi. Nikamwambia nataka kukata alama upya lakini hakuna anayejua kimo. Akacheka, kicheko kile cha puani. Akasema, 'Mimi najua.'"

Mutanu akafuta macho kwa mkono wa nguo.

"Akasimama. Akafunga leso, ile ya asubuhi, ya kufunga kifuani. Akasema kila siku alipokuwa akifunga leso, Muli alikuwa akimwingilia katikati, kichwa kinamgonga fundo kwa chini, mpaka alikuwa anafunga upya. 'Binti yangu alikuwa mtoto, amekua,' akasema. 'Mimi nilikuwa mtu mzima tayari. Sijakua tena.' Nikatoa tepu yangu ya kupimia. Akaniambia, 'Rudisha hiyo kitu mfukoni. Umeshapima vya kutosha.'"

Boaz akanyoosha mkono. Kiganjani pake kulikuwa na uzi wa katani, uzi wa kiondo, umepakwa ile rangi ya maroni ambayo Kalondu huipika mwenyewe.

"Alikanyaga huu mwisho kwa kidole cha mguu, akauvuta mpaka chini ya fundo la leso. Akaupiga fundo. Halafu akafikiri, akaufungua, akaufunga tena juu kidogo. Akasema, 'Na kidole kimoja cha uzee. Mimi nimepungua, mtoto hajapungua.'"

Alinyoosha mkono mpaka mwisho, ndani ya nyumba, bila kuinuka. Mutanu akaupokea uzi mlangoni.

Akaufungua polepole. Akakanyaga mwisho wake kwa kidole cha mguu, pale pale chini ya bawaba, akauvuta wima. Fundo likapanda, likapita goti, likapita kiuno, likafika chini kidogo ya kifua chake. Likakomea hapo.

Mutanu alilitazama. Akavuta tena, akidhani uzi umejikunja. Haukuwa umejikunja.

"Alikuwa mdogo hivi?" akauliza. Hakuwa akimwuliza Boaz.

Miaka yote hiyo Muli wa kichwani mwake alikuwa akirefuka naye. Mutanu alipoanza kuvaa sketi ndefu, Muli alirefuka. Alipofungua kibanda, Muli alikuwa kijana wa kusimama mlangoni na kumzuia mtu mbaya asiingie. Alikuwa amemlilia mwanamume ambaye hakuwahi kuwepo, akamsahau mtoto. Sasa mtoto alikuwa amerudi, mfupi, kichwa usawa wa fundo, visigino huenda vimeinuka kidogo kwa wizi.

Akaweka kiganja juu ya fundo. Akakiacha hapo. Nduthi zikapita, mama mmoja akapita na mtungi, na hakuna aliyejua kwamba mwanamke huyu amemshika ndugu yake kichwani.

"Alikuwa mdogo, Becky," akasema, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Alikuwa mdogo sana," Becky akajibu, akifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na omena. "Na mkaidi. Aliwahi kuniibia limau."

Mutanu akacheka huku pua imejaa machozi. Kisha akaviringa uzi kwenye vidole vyake, taratibu, mpaka ukaisha.

"Mama alisema nini juu ya kesho?" akauliza.

"Hakusema ndiyo."

"Alisema nini?"

"Alisema ameloweka muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa, sufuria kubwa. Atakayekuja ale, wasipokuja watu hautaharibika, atawapa watu wa ploti."

Mutanu alimjua mama yake. Kalondu haloweki sufuria kubwa kwa watu wa ploti.

Alimtazama Boaz, mwanamume mzima mwenye soksi iliyotoboka, ameketi nje ya nyumba isiyokuwepo kwa sababu hajaambiwa aingie. Akawaza: huyu hakuijua nyumba hii hata siku moja, na bado amekataa kukanyaga kizingiti chake. Wengi walioijua wanapita juu ya kitanda kila siku.

"Kitendawili," akasema.

Boaz akashtuka. "Nini?"

"Kitendawili!"

"Tega," Becky akajibu.

"Becky, sijakuuliza wewe. Kitendawili!"

"Tega," Boaz akasema, macho yamemtoka.

"Magari yanapita juu ya kitanda changu, mvua inanyesha sebuleni, na bado sijahama."

Boaz akafikiri. Akakunja uso kama anayetafuta kipimo cha dirisha. "Barabara."

"Hapana."

"Mtu aliyekufa."

"Hapana. Nipe mji."

Boaz akashusha macho. "Nakupa Bungoma," akasema kwa sauti ya chini.

"Bungoma siuchukui leo. Huo utamwomba mama mwenyewe, naye atakusumbua nao mpaka uote mvi. Nipe mwingine."

"Nakupa Highrise."

Mutanu akatikisa kichwa. "Highrise una mwenyewe."

Boaz akatazama viatu vyake vilivyopangwa kando ya nguzo. Akatazama mikono yake yenye madoa ya vanishi.

"Basi nina Kawangware tu," akasema. "Chumba kimoja. Mlango mmoja wa saiprasi, mtupu, hauna hata alama moja. Huo ndio mji wangu wote."

Mutanu akavuta pumzi.

"Nilienda Kawangware," akaanza, kwa sauti ile ile ya kuimba waliyoitumia watoto wa mlango huu. "Nikafika jua likiwa bado lipo. Nikamkuta fundi mmoja mjinga, ana kisu cha jikoni mkononi, anangoja kuonyeshwa pa kukata. Nikamwonyesha upande wa bawaba. Akakata mstari mmoja, akaambiwa asiguse kingine. Nikapewa chai. Nikapewa kiti. Nikaambiwa nikae, nikakaa."

Boaz alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka hivyo hivyo.

"Na jibu?" akauliza. "Jibu la kitendawili ni nini?"

"Jibu utaambiwa na mama kesho, ukija na shangazi yako. Vaa viatu."

Alivaa. Vidole vilimshinda kufunga kamba, ikabidi Mutanu ainame amfungie. Kisha akavaa vyake. Njia ya mkato ya kwenda stendi ilikuwa mbele yao kabisa, kuvuka mtaro na kukata barabara, hatua kumi tu. Lakini Mutanu alimshika Boaz mkono, akamgeuza, wakapita kati ya nguzo ya taa na meza ya omena, mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu palikuwa pembamba, wakatokea mlangoni.